Mzee Mizani: Maisha ya Calist Gregori Matano, Aliyejizoeza Kustaafu

Baba Padre, wazee wetu wa Marui, majirani mliofunga milango yenu Kibaha alfajiri mkaja kutusindikiza, ndugu zetu wa upande wa mama mliotusomea dua jana hapa uwanjani: familia inawashukuru. Wanaomjua marehemu kwa jina la Mzee Mizani ni wengi kuliko wanaomjua kwa jina lake la ubatizo, kwa hiyo tuanze na jina. Aliitwa Calist Gregori Matano. Wasifu huu umeandikwa na wanawe watatu pamoja na mdogo wake, Alfonce, ambaye ndiye anayeusoma. Alfonce anatajwa humu kama mtu mwingine yeyote, kwa mema na kwa yasiyo mema, na ameridhia mwenyewe iwe hivyo.

Calist alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa hapa Marui, wilaya ya Kisarawe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Gregori Matano, mkulima aliyebatizwa Pugu, na Bi. Biubwa binti Ally, wa ukoo wa Kiislamu wa kijiji hiki. Wawili waliomfuata walifariki wachanga. Alfonce alizaliwa Calist akiwa na miaka tisa, na kwa sababu hiyo alimlea mdogo wake nusu kama kaka na nusu kama baba. Katika nyumba ile Kwaresima na Ramadhani zote ziliheshimiwa, na watoto walifunga ile iliyokuwa imefika.

Nyumba ile ilitegemea korosho. Msimu ukifika fedha ziliingia, nguo zilinunuliwa, wageni walikuja. Ikifika Februari hapakuwa hata na chumvi. Mwaka mmoja wa namna hiyo, Calist akiwa mdogo, mama yake alipanda darini akashusha gunia la makopa ya muhogo ambalo hakuna mtu aliyejua kuwa lipo. Mzee Gregori alishangaa. "Umeyaficha tangu lini?" Mama akajibu, "Tangu siku uliyouza korosho. Ulikuwa na furaha sana, sikutaka kukusumbua." Calist alilisimulia jambo hilo maisha yake yote, na kila alipolisimulia alicheka mpaka machozi.

Alianza masomo katika shule ya msingi Marui mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Hesabu zilimkubali. Akiwa na miaka kumi na miwili alifuatana na baba yake kuuza korosho kwa mnunuzi mmoja aliyepita kijijini na mizani ya kuning'iniza. Mtoto akaona goti la mnunuzi limeingia chini ya gunia na kulinyanyua kidogo. Akasogea, akaamkia. "Shikamoo mzee. Naomba ushushe goti, baba ana nguvu za kubeba gunia lake mwenyewe." Watu walicheka, mnunuzi akashusha goti, na gunia likaongezeka kilo sita. Nafasi ya sekondari hakuipata. Waliokuwa wakipata walikuwa wachache mno miaka ile, naye hakulinung'unikia jambo hilo.

Mwaka 1975 alikwenda Kibaha kutafuta kibarua. Alibeba magunia, alichimba mitaro, alilala chumba kimoja na vijana wanne. Tarehe 1 Julai 1980 aliajiriwa na kiwanda cha chakula cha mifugo kama mpakizi, na mwaka 1986 akapandishwa kuwa karani wa mizani. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mmoja. Kila lori la mahindi, pumba au mashudu lililoingia kiwandani lilipanda kwanza kwenye mizani yake, na hakuna lililopakuliwa kabla hajaandika uzito. Madereva walimjaribu. Mmoja alimwambia, "Mzee wangu, niongezee kwa juu kidogo, na wewe utaona." Calist akatazama juu, akasema, "Juu naona bati tu." Ndipo jina la Mzee Mizani lilipoanzia. Kiwanda kilipohamia Zegereni mwaka 2011, alihamia nacho, pamoja na kiti chake cha mbao na jina lake.

Tarehe 22 Septemba 1984, katika kanisa la Pugu, alifunga ndoa na Paskalia, fundi cherehani, binti mwenye maneno machache na macho yanayoona yote. Mungu aliwajalia watoto watatu: Agape mwaka 1986, Gregori mwaka 1990, na Kudra mwaka 1997. Waliishi nyumba ya kupanga Maili Moja kwa miaka kumi na sita, kisha wakajenga yao mtaa wa Picha ya Ndege, chumba baada ya chumba.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia nusu nusu. Mwaka 2011 mlinzi wa zamani wa kiwanda, Mzee Bilali, aliyekuwa na miezi minane tu tangu astaafu, alifika getini Zegereni na kumwomba Calist nauli ya kurudi nyumbani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka ishirini. Mafao ya Bilali yalikuwa yameingia kwenye teksi iliyokufa injini na kwenye msingi wa nyumba ya vyumba saba ulioota majani. Calist akampa nauli na sahani ya wali kwa Saida, mama lishe wa pale getini. Mzee Bilali alikula, halafu akasema, "Sikujua kwamba zitaisha, Calist. Nilichojua ni kwamba ni nyingi."

Neno hilo lilimkosesha raha. Alikwenda mfuko wa hifadhi ya jamii akaomba wamkadirie pensheni yake ya kila mwezi itakuwa kiasi gani. Walipomwambia, aliona haifiki nusu ya mshahara. Jioni ya tarehe 31 Januari 2012 alimkuta mkewe anachambua mchele.

"Mama Agape, kuanzia kesho tunastaafu."

Paskalia hakuinua uso. "Wamekufukuza?"

"Hapana. Tunajizoeza. Imebaki miaka mitano. Mwezi unaoanza tutatumia kile tu nitakachopata nikiwa mzee. Kinachobaki tufanye hakipo."

"Na mimi nastaafu kupika?"

"Wewe utapika. Mimi nitakula kidogo."

Ilikuwa mzaha, lakini asubuhi yake sukari ilipimwa. Nyama ikawa ya Jumapili. Calist akaacha kununua gazeti, akawa analisoma la jirani baada ya jirani kulimaliza. Pamoja na yote hayo, tarehe 19 fedha ziliisha. Kudra, wakati huo msichana wa kidato cha pili, aliandika kwenye kalenda ya ukutani: "Leo pensheni imefariki dunia. Mazishi tarehe ya mshahara." Baba yake aliiacha kalenda ile ukutani mwaka mzima.

Mume na mke walikaa wakajiuliza zimekwenda wapi. Haukuwa unga wala mafuta ya taa. Zilikuwa kadi mbili za harusi, sherehe moja ya jikoni, ubatizo, na rambirambi ya msiba wa Kwala. Paskalia ndiye aliyelisema: "Chakula hakikutushinda. Tumeshindwa na kadi." Wakakubaliana kwamba kila mwezi kutakuwa na fungu moja la michango, na likiisha, watachanga kwa mikono. Yeye atashona bila malipo, na Calist atakwenda kuosha masufuria na kulinda stoo ya chakula.

Si jambo jepesi katika mji wetu. Watu walisema Mzee Mizani anapima hata machozi ya msiba. Paskalia aliondolewa kwenye kamati ya sherehe za jikoni ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameianzisha, na siku hiyo alirudi nyumbani akashona mpaka usiku. Calist akamuuliza kama waache. Akajibu, "Tusiache. Ila usiniulize tena leo." Pole pole watu waligundua kwamba harusi ambayo Calist amelinda stoo, nyama haipungui. Wakaanza kumwita wenyewe. Ile kamati nayo ilimrudisha Paskalia baada ya mwaka, bila maelezo, na yeye akarudi bila kuyadai.

Mwezi wa kwanza waliushindwa, wa pili wakaukosa kwa siku nne. Juni 2012 waliufikisha tarehe 30 na wakabaki na fedha ya kuku mmoja, ambaye walimla. Kuanzia hapo waliishi hivyo, na tofauti ya mshahara na pensheni ile waliyojiwekea wakainunulia vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ule unaokusanya fedha za watu wadogo wengi na kuziwekeza kwa niaba yao. Walijenga vyumba viwili vya kupangisha ubavuni mwa nyumba. Kwenye ardhi ya baba yake hapa Marui, Calist alipanda mikorosho sitini, akija kila Jumamosi ya pili ya mwezi kuipalilia.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2017, siku aliyotimiza miaka sitini. Wafanyakazi wenzake walimzawadia saa ya ukutani na godoro.

Mafao ya mkupuo yalipolipwa, Alfonce alikuja na jambo lake. Alikuwa dereva wa watu kwa miaka ishirini na alitaka lori la kwake, Fuso la mtumba, la kupeleka kokoto na mchanga kwenye ujenzi uliokuwa ukianza upande wa Kwala. Alihitaji milioni ishirini na tano. Kikao kilifanyika Jumatatu ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 2017, nyumbani kwa Bi. Biubwa hapa Marui.

Alfonce alisema, "Kaka, hela ikikaa benki inalala. Lori linatembea."

"Linatembea huku linachakaa," Calist alijibu. "Lori la mtumba ni jeneza lenye magurudumu."

"Mimi ni mdogo wako wa pekee. Undugu ni kufaana."

"Najua. Lakini Alfonce, kuna mzee mmoja na bibi mmoja wananitegemea mimi peke yangu. Hawana mtoto wa kuwalisha kila siku wala nguvu ya kubeba gunia. Nikitoa fedha hizi, watalala njaa."

Alfonce akauliza ni wazee gani hao, maana yeye hawajui.

"Hawajafika bado. Ni mimi na shemeji yako, tukiwa na miaka themanini."

Watu wengine walicheka. Alfonce hakucheka. Alisimama, akachukua kofia yake, akatoka. Bi. Biubwa, kutoka kwenye mkeka wake, akamwambia mwanawe mkubwa, "Sababu umempa. Moyo hujampa." Calist akamfuata mdogo wake mpaka njia panda, akamwambia atampa milioni tatu, azichukue moja kwa moja, asirudishe. Alfonce alimjibu kwamba hajaja kuomba sadaka. Maneno mengine aliyoyasema pale njia panda hayajaandikwa humu kwa sababu hayafai kusomwa mbele ya jeneza.

Kwa miaka minne Alfonce hakukanyaga Picha ya Ndege. Agosti 2019 Bi. Biubwa alipofariki, ndugu hawa wawili walisimama pande mbili za kaburi moja, wakasalimiana kama watu waliokutana ofisini.

Na tuseme ukweli wote: lori lilifanikiwa. Alfonce alipata mbia, akalinunua, likafanya kazi bila kulala, na baada ya miaka miwili akamlipa mbia wake sehemu yake yote. Calist alikuwa akiliona likipita barabara kuu. Siku moja alimwambia mkewe, "Lile lori nililipima vibaya." Paskalia akamwambia akamwambie mwenyewe. Hakwenda. Alikuwa mtu wa haki kwenye mizani ya watu, lakini yake ilimchukua muda kuikubali.

Sehemu kubwa ya mafao Calist aliinunulia hati fungani za serikali, zilizomlipa riba mara mbili kwa mwaka. Alipanga kila kitu akiamini atatangulia yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na presha. Orodha aliyomwandikia Paskalia ilikuwa na namba zote, tarehe zote, na jina la mtu wa kumwona katika kila ofisi. Agosti 2020 figo za Paskalia zilishindwa kufanya kazi. Kuanzia mwezi huo alihitaji kusafishwa damu mara mbili kwa wiki hospitalini Dar es Salaam. Bima ya kiwanda ilikuwa imekoma siku Calist alipokabidhi funguo za mizani, na wakati wa afya hakuna aliyekumbuka kutafuta nyingine.

Daktari alipowaeleza gharama, Paskalia alimgeukia mumewe. "Baba Agape, hizo ni za wale wazee wako wa miaka themanini."

"Mmoja wao ni wewe," Calist akasema. "Umefika mapema kidogo."

Wiki hiyo hiyo aliuza vipande vya kwanza. Mtu ambaye aliwahi kurudi dukani kwa miguu kudai chenji ya shilingi mia mbili, alilipa dirishani Jumanne na Ijumaa, wiki baada ya wiki, bila kuomba apunguziwe na bila kumwonyesha mkewe risiti hata moja. Vipande vilipoisha aliuza hati fungani kabla ya muda wake, kwa bei iliyokuwapo siku hiyo. Wapo waliomshauri ampeleke kijijini, wakisema mgonjwa wa figo ni kama gunia lililotoboka. Hao aliwakaribisha chai, akawasindikiza, akaendelea kulipa.

Machi 2021 Agape alimpigia simu baba yake mdogo na kumwambia hali ilivyo. Jumatatu jioni Alfonce alisimamisha lori mbele ya geti la Picha ya Ndege akabisha hodi. Calist akafungua.

"Umekula?" Calist akauliza.

"Sijala."

"Ingia."

Hayo ndiyo yaliyosemwa getini. Ndani, Paskalia alikuwa amejifunika khanga kwenye kochi. Akasema, "Shemeji, miaka minne! Nilidhani lori limekupeleka Kongo ukaoa huko." Alfonce akajaribu kujibu, akaokolewa na sahani ya ubwabwa iliyoletwa wakati huo.

Tangu kesho yake Alfonce ndiye aliyewapeleka hospitali. Mara nyingi gari pekee lililokuwapo lilikuwa lori lenyewe, na Paskalia akakaa mbele, katikati ya ndugu wawili. Akalipenda. Kutoka juu kule aliona ndani ya nyua za watu, na njia nzima aliwasimulia nani ameanika nini na nani amepaka nyumba rangi mbaya. Wakati mwingine walicheka mpaka Alfonce akalazimika kupunguza mwendo.

Septemba 2022 hati fungani ya mwisho iliuzwa. Calist alimweleza mdogo wake walipokuwa wakisubiri kwenye benchi la hospitali, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja uzito wa lori. Alfonce akasema miezi inayofuata italipwa na lori.

"Mimi nilikunyima," Calist alisema. "Na lori lako nililiita jeneza."

"Ulininyima hela za shemeji," Alfonce akajibu. "Wakati ule nilidhani ni zako."

Lori lililipa miezi miwili. Tarehe 18 Novemba 2022, siku ya Ijumaa, Paskalia alifariki akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Alizikwa hapa, mahali hapa tuliposimama.

Baada ya arobaini Kudra alimuuliza baba yake swali ambalo sote tulikuwa nalo. "Baba, miaka kumi ya kujibana, na hela zote za uzeeni zimekwisha. Hujutii?"

Calist alifikiri. "Nilizitunza za kula na mama yenu," akasema. "Tumekula."

Kilichomsumbua kilikuwa kingine, na hakukificha. Juni 2023 karani aliyerithi mizani yake, Mbaraka, alimwomba azungumze na wafanyakazi wa Zegereni saa ya chakula. Alisimama kando ya masufuria ya Saida akiwa na shati lake la kanisani. Walidhani atawaeleza namna ya kupata faida. Akawaambia, "Mimi nilijua kilo, nilijua riba, nilijua bei ya vipande kila wiki. Swali moja sikuuliza: siku nikikabidhi funguo, bima inakwenda wapi? Mke wangu aliishi miaka miwili na zaidi kwa sababu tulikuwa na akiba. Tungekuwa na bima, akiba ingekuwapo bado. Ulizeni hilo kwanza, ndipo mje kwenye faida." Kijana mmoja akamwambia kwamba mshahara wake hautoshi hata kula, ataweka akiba gani. Calist hakumkemea. Alimwambia, "Basi usiweke. Lakini jaribu mwezi mmoja tu kuandika zinakokwenda, halafu unitafute." Kijana alimtafuta, na baada yake wengine. Saida naye, ambaye hakuwahi kuajiriwa na mtu, alipelekwa na Calist mpaka dirishani kujiandikisha kuchangia kwa hiari pensheni yake mwenyewe, na mpaka wiki iliyopita alikuwa hajaruka mwezi.

Miaka yake miwili na nusu ya mwisho Calist aliishi kwa pensheni ya kila mwezi, kodi ya vyumba viwili, na korosho za Marui. Hakumwomba mtoto wake hata vocha ya simu. Wakimtumia fedha alipokea, akashukuru, na mara nyingi akazipeleka kwenye fungu la michango, maana misiba na harusi havikupungua. Kila Jumatano alikula kwa Alfonce.

Tarehe 26 Aprili mwaka huu, siku ya Jumamosi, alipata kiharusi akiwa anapalilia mikorosho. Alipelekwa hospitali Kibaha, akaruhusiwa baada ya wiki mbili, akakaa nyumbani kwa Alfonce akijifunza upya kushika kijiko. Tarehe 2 Juni hali ilibadilika akalazwa tena. Akili yake ilibaki safi. Alimwita Agape akamwonyesha wosia ulipo: nyumba ni ya watoto watatu kwa usawa na isiuzwe kabla hawajakaa pamoja, mikorosho iendelee kuhudumiwa na mavuno yagawanywe, chama cha kufa na kuzikana kilishalipwa, hivyo pasiwe na mchango mwingine wa jeneza. Fedha ya kugombania hakuacha. Wanawe wamemshukuru kwa hilo pia.

Jumapili alasiri, tarehe 8 Juni, Alfonce alibaki naye peke yake. Kwa miaka minne tangu siku ile ya getini, Alfonce alikuwa hajawahi kumwomba kaka yake msamaha kwa maneno yale ya njia panda. Siku hiyo alikaa karibu na kitanda, akainama, akaanza, "Kaka, siku ile ya Pasaka..."

Calist alimgeukia. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida upande mmoja wa mdomo.

"Kunyoa unajua?"

"Najua."

"Ndevu zinaniwasha. Nesi ana haraka. Ninyoe."

Alfonce akaomba beseni la maji ya vuguvugu na sabuni. Akamnyoa kaka yake pole pole, kwanza upande ulio mzima, halafu ule uliolegea, akiuvuta kwa kidole ili wembe usikate. Ilichukua karibu nusu saa. Alipomaliza alimpangusa kwa taulo. Calist akainua mkono wake wa kushoto, akajipapasa shavu, halafu akaufikisha mkono ule ule kwenye kichwa cha mdogo wake, akauacha pale mpaka usingizi ulipomchukua.

Alifariki kesho yake, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Calist ameacha watoto watatu, Agape, Gregori na Kudra, wakwe wawili, wajukuu watano, na mdogo wake, Alfonce.

Nenda, kaka. Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani, ubavuni mwa Paskalia wako.